Lado, Nchi Iliyokodishwa

Mtoto aliyezaliwa karibu na Koboko mwaka 1890 alibadilisha nchi mara kadhaa bila kuinuka kwenye kigoda chake. Wakati anazaliwa, askari wa Mahdi wa Sudan walikuwa wamekaa Rejaf, kwenye mto Nile, na wao ndio waliojiita wenye nchi. Alipotimiza miaka 4, karatasi iliyotiwa sahihi Brussels ikamfanya mtu wa mfalme wa Ubelgiji. Alipofika miaka 20 akawa mtu wa Sudan. Miaka 24, mtu wa Uganda. Muda wote huo alilima shamba lile lile na kuchota maji kwenye kijito kile kile. Yeye alikaa, mipaka ndiyo iliyotembea.

Naandika habari hii kwa sababu hapa tulipo, kuanzia Lobule na Koboko mpaka Arua, Imvepi na Rhino Camp, kila siku mtu anaulizwa: "Wewe ni wa wapi?" Unaulizwa unapoandikishwa, unaulizwa kwenye mstari wa chakula, unaulizwa na mwenye shamba unapotafuta kuni. Jibu lako linaamua kadi, na kadi inaamua mambo mengi. Kumbe ardhi yenyewe tunayoikanyaga, ukiiuliza swali hilo hilo, haina jibu moja. Jina lake la zamani kwenye ramani ni Lado.

Vijana wetu wanaijua hadithi ya namna hii kwa njia nyingine. Jioni, kwenye kibanda cha kuchaji simu, wanacheza michezo ya falme: kundi jekundu na kundi la buluu wanagombania bonde moja, ramani inageuka rangi, na kila kundi lina hadithi yake ndefu ya kuonyesha kwamba bonde ni lake tangu zamani. Wanakijiji wa ndani ya mchezo hawana sauti, kazi yao ni kusimama tu wakati bendera inabadilishwa. Lado ilikuwa hivyo hivyo, ila wanakijiji walikuwa babu zetu, na wao hawakusimama tu.

Nyumba yenye mtu ndani

Kabla Wazungu hawajagombana hapa, Misri ndiyo iliyodai nchi hii. Iliiita Equatoria, mkoa wake wa mwisho kusini kabisa. Kuanzia mwaka 1878 gavana wake alikuwa daktari Mjerumani, Eduard Schnitzer, aliyejulikana kwa jina la Emin Pasha. Alikaa Lado, kaskazini ya mahali palipo Juba leo, kisha akahamia Wadelai, kusini kwetu kwenye ukingo wa Nile. Askari wake wengi walikuwa watu wa Sudan. Serikali yao ilikula kwa kuchukua: ng'ombe, mtama, watu.

Mwezi Januari 1885 jeshi la Mahdi likaiteka Khartoum, na Emin akabaki amekatiwa njia. Henry Morton Stanley akatumwa kumwokoa. Mwaka 1889 akamchukua mpaka Bagamoyo, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini askari wengi wa Emin hawakwenda. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta baadhi yao karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey, akawaingiza katika jeshi la Waingereza Uganda. Wanubi tunaowaona leo Arua, Koboko na Bombo, na lugha yao ya Kinubi inayosikika sokoni, asili yao kubwa ni hapo. Basi hata hao ambao leo ni wenyeji kabisa, walianza kama askari waliosahauliwa na serikali yao.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na nchi nzima ya Kongo kama mali yake binafsi. Wazee wetu waliiita serikali yake Bula Matari, mvunja mawe. Lakini hakutosheka. Alitaka kufika Nile, mto wa Mafarao, apate bandari ambako meli zingeteremka mpaka Misri. Waingereza nao walitaka kitu kingine: kuwazuia Wafaransa wasifike Nile kabla yao.

Ndipo tarehe 12 Mei 1894 wakafanya biashara. Uingereza ilimkodisha Leopold ardhi ya magharibi ya Nile, kuanzia Mahagi kwenye Ziwa Albert mpaka mbali kaskazini, Fashoda. Yeye naye aliikodisha Uingereza kipande chembamba, upana wa kilomita 25, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Edward, ili Waingereza wapate njia ya kuunganisha makoloni yao ya kusini na ya kaskazini.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Ukienda mjini Arua kutafuta chumba, mwenye nyumba anakukodisha nyumba iliyo yake. Hapa Uingereza ilikodisha nyumba ambayo haikuijenga, haikuwahi kulala ndani, na wakati huo huo kulikuwa na mtu mwingine mlangoni ameshika bunduki, yaani hao watu wa Mahdi wa Rejaf. Na ndani kabisa walikuwemo wenye nyumba: Wakakwa, Walugbara, Wamadi, Waalur, Wakaliko, Wabari, Wakuku. Hao hakuna aliyewauliza kitu.

Majirani wakubwa ndio waliolalamika. Ujerumani ilikataa ile njia ya Tanganyika, na mwezi Juni kifungu hicho kikafutwa. Ufaransa ilimbana Leopold, na tarehe 14 Agosti 1894 akakubali asipite kaskazini ya digrii 5 na nusu. Kilichobaki mkononi mwake kikawa kama pembetatu: Nile upande wa mashariki, na upande wa magharibi digrii 30 pamoja na ule mgongo wa nchi unaotenganisha maji ya Nile na maji ya Kongo. Ukubwa wake ulikuwa karibu kilomita za mraba 39,000. Hiyo ndiyo Lado. Arua na Koboko zote zilikuwa ndani.

Mwezi Februari 1897 jeshi la Leopold, likiongozwa na Chaltin, liliwapiga watu wa Mahdi Rejaf na kufika mtoni. Askari waliopigana vita hivyo wengi walikuwa Wakongo waliokokotwa kutoka mbali, maana hata wao walitolewa kwao kwa nguvu. Mwezi huo huo kikosi kingine cha Leopold, kilichokuwa njiani kuja huku chini ya Dhanis, kiliasi kwa sababu ya njaa, mijeledi na kuchoka, askari wakawageukia maofisa wao. Hivyo ndivyo mfalme alivyoupata mto wake.

Nchi inayomngojea mzee mmoja afe

Sehemu ya ajabu zaidi ni ile iliyofuata. Mwaka 1898 Waingereza waliwashinda watu wa Mahdi Omdurman, kisha wakawaondoa Wafaransa Fashoda. Sasa hawakumhitaji tena mpangaji. Leopold naye hakutaka kutoka. Wakavutana miaka mingi, mpaka tarehe 9 Mei 1906 wakaandika mkataba mpya: mfalme abaki na Lado maisha yake yote, na akifa, irudishwe kwa serikali ya Sudan ndani ya miezi 6. Kongo ingebaki na kanda ya Mahagi tu, ili isikose mlango wa ziwani. Mkataba ulitaja pia reli ya kutoka mpaka wa Kongo hadi Nile. Reli hiyo haikujengwa mpaka leo, na anayesafiri kutoka Aru kwenda Juba anajua vumbi linavyomkumba.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu na zaidi, uraia wa watu wa Koboko na Arua ulitegemea afya ya mzee mmoja aliye Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Mwaka 1908 Kongo yote ilitolewa mikononi mwake ikawa ya serikali ya Ubelgiji, lakini kwa Lado, kifo chake ndicho kilichobaki kuwa saa ya kuhesabia. Alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Makabidhiano yakafanyika mwezi Juni 1910.

Katika hiyo miezi 6, nani alikuwa serikali hapa? Wabelgiji walikuwa wanafunga mizigo, Waingereza wa Sudan hawajafika. Nchi isiyo na bwana hupata wageni haraka. Wawindaji wa pembe za ndovu waliingia kutoka pande zote, wengine wakiwa wamekwisha kuvuka mto kisirisiri hata kabla ya mfalme kufa. Ndovu waliuawa kwa mamia, pembe zikavushwa usiku. Katika uwindaji wa namna hiyo, kijiji kilicho karibu ndicho kinachotoa wapagazi na chakula, kipende kisipende.

Mgeni aliyejulikana kuliko wote alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani mpaka mwaka 1909. Alifika mwezi Januari 1910, wiki chache tu baada ya mfalme kufa, akapiga kambi kwenye ukingo wa Nile upande wetu. Alitaka kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru 9, wa kupelekwa kwenye makumbusho na vitabu. Wengi husema jina la Rhino Camp limetokana na uwindaji ule. Leo vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu duniani, majike wote, wanaolindwa na askari Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho alikufa mwezi Machi 2018. Kwetu hapa jina ndilo lililobaki, limeandikwa kwenye kadi za maelfu ya watu ambao hawajawahi kumwona kifaru.

Kata hapa, gawa pale

Sudan ilikaa na nchi hii miaka 4 tu. Kapteni Stigand, mmoja wa maofisa walioipokea kutoka kwa Wabelgiji, aliandika kitabu juu ya Lado kilichochapwa mwaka 1923, baada ya yeye mwenyewe kuuawa vitani Sudan. Kwa wakubwa wa Khartoum, sehemu ya kusini ilikuwa mbali mno. Kwa wakubwa wa Entebbe ilikuwa karibu. Mwaka 1913 tume ya mipaka, Kapteni Kelly kwa upande wa Sudan na Tufnell kwa upande wa Uganda, ilipita kupima. Mwaka 1914 wakabadilishana: Uganda ikapata kusini ya Lado, ikaiita West Nile, na Sudan ikapata Gondokoro na Nimule upande wa pili wa mto. Weatherhead akawa Bwana Shauri wa kwanza, akafungua kituo Arua. Mwaka 1915 Uingereza na Ubelgiji zikathibitisha mpaka wa Kongo.

Namna mistari hiyo ilivyoandikwa ndiyo inayotusumbua mpaka leo. Upande wa Kongo, mstari unafuata mgongo wa nchi. Mvua ikinyesha pale juu, maji yanayoteremka magharibi yanaenda mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki, na yanayoteremka mashariki yanaenda Nile mpaka Misri. Kwenye karatasi ni jambo safi sana. Lakini mgongo wenyewe mahali pengi ni tambarare tu yenye mihogo, na hakuna anayeweza kuonyesha tone hili litakwenda wapi. Ndiyo sababu Vurra, kusini ya Arua, wakazi wamewahi kuifunga barabara ya Kongo wakilalamika kwamba jirani amesogeza kizuizi. Upande wa Sudan mambo ni magumu zaidi. Agizo la 1914 lilisema mstari upite kwenye mwisho wa kusini wa kabila la Wakuku. Kabila si ukuta. Kabila linaoa, linahama, linalima bonde la pili mvua ikikosa. Walioandika vile walitaka watu wasimame kama mawe ya mpaka.

Watu hawakusimama. Rembe, nabii wa Kikakwa, alitoka upande wa mto Yei akaja kwa Walugbara na maji ya Yakani, maji ya kunywa ili mtu apate nguvu na asidhuriwe na risasi. Msomaji anayetoka Tanzania atakumbuka Maji Maji ya 1905. Rembe alikamatwa, akarudishwa upande wa Sudan, akanyongwa Yei mwaka 1917. Mwaka 1919 wafuasi wa Yakani walipambana na askari wa serikali ya Uganda. Utaona kwamba serikali mbili, zilizokuwa zimetoka kugawana nchi juzi tu, zilishirikiana vizuri kumnyonga mtu ambaye kwake nchi ilikuwa moja.

Baada ya hapo West Nile ikawa ghala la watu: vijana wakaenda jeshini katika King's African Rifles, wengine kwenye mashamba ya miwa ya kusini. Kiswahili cha jeshini kikarudi nao Arua na Koboko. Kwa hiyo mkimbizi kutoka Kongo anayeshangaa kumkuta mzee wa Koboko anazungumza Kiswahili, ajue nacho kilikuja na historia yake.

Mstari unaotugawa na mstari unaotuokoa

Karibu na Oraba, wilaya ya Koboko, kuna mahali panaitwa Salia Musala. Ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Wakakwa wako pande zote tatu. Mtu anaweza kuzaliwa upande mmoja, akaoa upande wa pili na kuzikwa na wajomba upande wa tatu. Kwa Walugbara ni hivyo hivyo kati ya Arua na Aru, na kwa Waalur kati ya Nebbi na Mahagi.

Mtu angeweza kuishia hapa na kusema: basi mipaka ni uongo wa wazungu, tuifute. Mimi nimetoka upande wa Aru, naishi Lobule, na siwezi kusema hivyo kirahisi. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, na hasa kuanzia mwaka 1980, watu wa Arua na Koboko walikimbia kwa mamia ya maelfu kwenda Zaire na Sudan, wakifuatwa na askari waliowalipizia kisasi. Waliobaki wengi hawakupona. Mwezi Juni 1981 waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua mjini, waliuawa. Waliovuka waliishi. Walikaa Aru, Ingbokolo, Aba, Yei, wakajifunza Lingala, wakazaa watoto huko. Mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vilipofika Yei, njia ile ile ikatumika kwa kurudi nyuma: watu walipita Kaya wakaingia Oraba, na aliyefika upande huu wa daraja alipumua. Mstari uliochorwa ili kugawana pembe za ndovu ndio huo huo ambao askari wenye kumfukuza mtu hakuuvuka.

Kuna jambo moja ambalo wafanyakazi wa mashirika wanalijua kwa vifungu, na sisi tunalijua kwa miguu. Mwezi Julai 1964, Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kwamba mipaka ya wakoloni ibaki kama walivyoikuta. Mwaka 1969, Addis Ababa, umoja huo huo uliandika mkataba wa wakimbizi, ukisema kwamba mtu anayelazimika kutoka nchini mwake kwa sababu ya vita na machafuko ni mkimbizi, na kumpokea ni jambo la amani, nchi yake isilichukue kuwa uadui. Mikataba hiyo miwili naiona kama mtu na kivuli chake. Wakubwa walikataa kuigusa mistari, halafu ikabidi waandike namna ya kuwapokea watu ambao mistari hiyo inawakata. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, inayotupa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, imesimama juu ya msingi huo.

Lakini msingi huo hautoshi peke yake, na mfano ni Moyo. Mwezi Septemba 2014 ugomvi wa ardhi kati ya Wamadi wa Moyo na Wakuku wa Kajo-Keji uliripuka, juu ya mstari ule ule wa 1914. Watu walikufa, na Wakuku waliokuwa wakiishi Moyo walifukuzwa. Haikupita miaka mitatu, vita vikaichoma Kajo-Keji. Wakuku wakavuka tena kwenda upande ule ule, na wakapokelewa Palorinya, kwenye ardhi iliyotolewa na Wamadi. Watu wale wale, mstari ule ule. Mwaka mmoja mstari ulikuwa sababu ya panga, mwaka mwingine ukawa sababu ya kupewa turubai na maji. Hakuna aliyehamisha jiwe la mpaka katikati. Kilichobadilika ni namna watu walivyoamua kuusoma.

Ndiyo maana nataka historia ya Lado ijulikane kambini, na nataka ijulikane yote. Akiijua nusu tu, mtu ataitumia kama silaha: huyu atasema Koboko ni Sudan kwa sababu ya mwaka 1910, yule atasema ni Kongo kwa sababu ya Leopold, na ugomvi wa kisima utageuka ugomvi wa mataifa. Akiijua yote ataona kwamba kila mmoja wa wadai hao anashika karatasi ya mwizi fulani. Hakuna karatasi hata moja kati ya 1894 na 1914 iliyotiwa sahihi na mtu wa hapa.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina ombi dogo. Mnapoandika "mkimbizi" na "mwenyeji" kwenye safu mbili za ripoti, ulizeni pia familia hizo mbili zinahusianaje. Mara nyingi kisima kinachogombaniwa kina mjomba upande huu na mpwa upande ule, na mzee wa upande huu aliwahi kula mhogo wa baba wa yule kule Aru mwaka 1981. Hilo halimo kwenye fomu, lakini ndilo linalozima ugomvi kabla polisi hawajafika. Na sisi wa kambini tuna kazi yetu. Wazee waliokimbia mwaka 1980 bado wapo, Koboko na Arua, ila wanapungua. Waulizeni walipita njia gani, nani aliwapa shamba, jina la kijiji ni lipi. Andikeni na majina ya waliowapokea, maana hayo hayakuandikwa Brussels wala London, na sisi tukiyaacha hakuna mwingine atakayeyaandika.